Bluetooth ya shingoni, ushungi, na madera themanini

Kabla sijawa na hii bluetooth ya shingoni, ule mkanda wenye nyaya mbili za masikioni wa kuongelea na simu, mi nilikuwa natumia ushungi. Wenzangu wa Tanga na Pwani yote mmeshanielewa hapo. Simu unaichomeka kati ya ushungi na shavu, unakaza kidogo, mikono yote miwili iko huru, unachambua mchele, unakuna nazi, unaongea na shoga yako mpaka dakika ziishe ndo unaitoa. Mama yangu amelea wajukuu kwa staili hiyo. Hakuna cha kuchaji, hakuna cha kuunganisha.

Shida ilikuja simu zilivyoanza kukua. Kale kakitochi kangu kalikuwa kanakaa mle kama kamezaliwa mle, lakini hizi za saivi ni pana kama kibao cha chapati, ukiinama tu inateleza. Yangu iliteleza kwenye ngazi za ghala moja Kariakoo, ghorofa ya tatu, nimekumbatia bunda la vitenge siwezi hata kuidaka, naisikia tu inashuka ngazi moja moja, ko, ko, ko, na mteja bado yuko hewani anaita "haloo? dada? haloo?" mpaka chini. Kioo elfu tisini. Jioni ile ile nikaenda kununua bluetooth.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kununulia watu mzigo. Mtu yuko Songea, Masasi, Mpanda huko, ana duka lake la nguo, hawezi kupanda basi kila wiki kuja Dar, basi ananitumia orodha na hela, mi nazunguka Uhuru, Kongo, Mchikichi, nachagua, napiga picha namrushia WhatsApp, akikubali nafunga mzigo napeleka stendi ya Magufuli unapanda basi. Ofisi sina, simu ndo ofisi. Kuna siku napokea simu hamsini na mikono yote imebeba mifuko. Na Kariakoo si mahali pa kutembea simu iko sikioni unachekacheka, vishandu wakipita na pikipiki unabaki umeshika sikio. Kwa hiyo simu inakaa kwenye pochi ya kiunoni ndani ya dera, na shingoni nina hiki kidude. Kibaka akikitamani akichukue tu, simu yangu atakuwa ameiacha.

Sasa ya kwanza nilinunuaje. Elfu kumi na tano, kijana akanivalisha mwenyewe, akaweka singeli, besi hiyo mpaka meno yanatikisika, nikatingisha kichwa, nikalipa. Kesho yake asubuhi simu ya kwanza, mteja wangu wa Masasi ananiuliza, "Mbona uko ndani ya pipa?" Nikasogea pembeni. "Saivi uko kisimani." Nikavua nikashika simu yenyewe mkononi, "Eeh, hapo sasa."

Hebu na wewe jiulize, ulivyonunua ya kwako ulijaribu nini? Muziki. Wote tunajaribu muziki. Na muziki hauna shida, hata ya elfu kumi inapiga vizuri. Anayeisikia simu yako ni mtu mwingine, yuko Masasi huko, na yeye siku ya kununua hakuwepo dukani.

Fundi simu mmoja jirani yangu ndo alinielewesha. Anasema bluetooth ina njia mbili. Ya muziki ni pana ila inaenda upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kuja sikioni. Ya maongezi lazima iende na irudi, sauti yako nayo ipite, kwa hiyo kila upande unabanwa. Maiki ikifunguka tu ile njia pana inafungwa. Ndo maana ukiwa unasikiliza kitu kizuri simu ikaingia, sauti inasinyaa ghafla kama redio ya mbao. Kwa mtindo wa zamani sauti inachukuliwa vipande 8,000 kwa sekunde, mtindo mpya 16,000, wakati muziki wa kwenye CD ni 44,100, sasa pima mwenyewe. Na huo mtindo mpya ni mpaka kidude chako kiujue na simu yako nayo iujue, mmoja akiwa hajui mnarudi wote kwenye wa zamani.

Kinachonichekesha ni kwamba bluetooth yenyewe ilianza kwa ajili ya maongezi. Ericsson wa Sweden ndo waliianza miaka ya 90 ili kuondoa waya, na kifaa cha kwanza cha bluetooth kuzinduliwa kwa ajili ya watu wa kawaida, mwaka 1999, kilikuwa ni cha kuongelea na simu. Hilo jina ni la mfalme wa zamani wa Denmark, Harald, ambaye walimwita Jino la Bluu kwa sababu wanazozijua wao. Muziki umekuja baadaye ukapewa sebule, maongezi yakabaki uani.

Basi nikaendelea nayo hivyo hivyo, elfu kumi na tano nimeshatoa. Mpaka siku ya madera.

Kuna mama mmoja wa Songea, mteja wangu wa siku nyingi, tunaaminiana, anatanguliza nusu, nusu anamalizia mzigo ukifika. Alinipigia niko katikati ya Kongo, saa tano asubuhi, spika kulia inasema elfu tano elfu tano chagua mwenyewe, kushoto mkokoteni unapita jamaa anapiga kelele "pisha mzigo, pisha mzigo". Tumeongea rangi, tumeongea saizi, mwisho nikamuuliza, ngapi? Nikasikia themanini. Nikarudia, "Themanini?" Akasema, "Eeh, thelathini." Na yeye kasikia kwangu thelathini, mi nimesikia kwake themanini, tumekubaliana vizuri kabisa, kila mtu na ya kwake.

Angalia hayo maneno. The-lathini, the-manini. Mwanzo mmoja, mwisho ule ule, kilichobaki ni pale katikati tu, na pale katikati ndo kidude changu kilipokula. Nikanunua madera themanini, elfu tisa moja, nikafunga, nikapeleka stendi. Kesho yake napigiwa. "Dada, umenitumia mzigo wa nani?"

Hamsini yamezidi. Laki nne na nusu. Na ukirudi dukani kuna kibao kimebandikwa juu ya kaunta, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, hata kabla hujafungua mdomo muuzaji anakuonyesha kwa kidole. Nashukuru yule mama ni mtu, alichukua ishirini zaidi, yale thelathini (sasa hayo ndo thelathini ya kweli) akanirudishia na basi, nauli ya mzigo nikalipa mimi. Niliyauza moja moja miezi miwili. Majirani zangu wote wa mtaani walivaa dera moja, kama sare ya harusi.

Tangu hapo namba sisemi nzima. Nasema "tatu sifuri" au "nane sifuri", na nikimaliza namwambia mteja aandike WhatsApp. Wengine wanaona namsumbua. Poa tu.

Ya pili nilienda kununua kwa akili. Nilienda na mdogo wangu, nikamwacha ndani ya duka kashika simu yangu nyingine, mi nikatoka na kidude shingoni mpaka barabarani Msimbazi palipo na vurugu, nikampigia, nikaanza kuhesabu, thelathini, themanini, sitini, sabini, yeye aandike anachosikia. Narudi tunalinganisha. Tukajaribu tano. Kijana wa duka alivumilia ya kwanza na ya pili, ya tatu akauliza, "Dada, hivi unanunua bluetooth au unanunua kiwanja?" Nikamwambia huyo kijana, we ungekuwa na madera hamsini ndani usingeuliza.

Nilichogundua ni kwamba tofauti kubwa ni maiki iko wapi. Kuna ambazo katundu ka maiki kako kwenye ule mkanda wenyewe, chini huku kwenye mtulinga, mbali na mdomo, inasikia barabara kuliko inavyokusikia wewe. Na kuna ambazo kako juu kwenye waya, karibu na shavu. Hizo za juu zote mbili tulizojaribu zilizishinda nyingine. Afu kuna hizi herufi za kwenye boksi. ANC inakupunguzia kelele wewe unayesikiliza. ENC inamsafishia yule unayeongea naye. Wauzaji wengi wanazitaja kama mtu na pacha wake, "hii inazuia kelele dada", inazuia kelele za nani? Kwa kazi yangu mi nataka ENC, kelele za Kariakoo mi nimeshazizoea, mteja wa Songea ndo hajazizoea. Niliichukua ya elfu thelathini na nane. Tatu nane.

Halafu kuna suala la ushungi, ambalo hakuna anayelielezea sijui kwa nini, wakati wanawake wengi wa mji huu wamejifunga. Ukivaa mkanda chini ya ushungi, kitambaa kinasugua maiki, wewe husikii kitu, mwenzako anasikia krrr krrr kama panya kwenye gunia. Nimejaribu kila namna. Kinachonifaa ni mkanda kukaa juu ya ushungi, nje kabisa, zile nyaya mbili zinapita chini zinaingia masikioni, na pini ya ushungi naiweka mbali na vitufe. Vitufe! Kwenye ya kwangu kitufe cha kupokelea ukikibonyeza mara mbili kinapiga namba ya mwisho uliyoongea nayo. Nilikuja kulijua hilo saa tano usiku, nimejilaza nayo shingoni, nikageuka, nikasikia sauti ya mzee mmoja wa Mpanda katoka usingizini, "Haloo, kuna msiba?" Saivi kabla ya kulala naivua nazima.

Mtu ataniuliza kwa nini sichukui zile podi, vile vipande viwili visivyo na waya kabisa. Nilikuwa nazo. Moja iko kwenye mtaro wa Narung'ombe mpaka leo. Na mi huwa navaa sikio moja tu, la pili liwe wazi nisikie bodaboda na hao wa pisha mzigo, maana Kariakoo ukiziba masikio yote mawili utagongwa na mkokoteni mchana kweupe. Na ukiziba yote sauti yako yenyewe inavuma kichwani kama unaongelea mtungini, hujui unanong'ona au unapiga kelele. Kwa ya shingoni lile la pili linaning'inia tu kifuani halina pa kwenda. Podi moja ukiivua unaiweka wapi, mikono imejaa?

Ila kuvaa kitu kisichoonekana nako kuna mambo yake. Siku moja niko kwenye gari la Gongo la Mboto, saa kumi na mbili jioni, nimebahatika siti ya dirishani, pembeni yangu kakaa mzee na baraghashia yake, kapakata mfuko wa samaki. Siku hiyo nilikuwa nimejitanda mtandio mpana juu, kidude hakionekani kabisa. Simu ikalia, nikabonyeza. Alikuwa bibi mmoja wa Lindi, mteja.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba mwanangu," akaitika mzee.

Nikaganda. Sikioni yule bibi naye ananiitikia. Nikaendelea kwa sauti ndogo, "Habari za tangu juzi?"

"Nzuri, tunashukuru Mungu, joto tu," mzee.

"Mzigo umefika salama?"

Mzee akaangalia samaki wake. "Umefika. Ndo nautoa feri saivi."

Sasa hapo unafanyaje? Unamgeukia mtu mzima unamwambia samahani baba, ile shikamoo haikuwa yako? Nayo ikishatoka hairudishwi. Nikamnong'oneza bibi wa Lindi kwamba nitampigia nikifika, nikakata, nikamgeukia mzee tukaongea bei ya samaki, tukaongea mvua, akaniuliza mtoto wa nani, kwetu wapi, kumbe Tanga anapajua, alishawahi kufanya kazi bandarini pale. Mpaka anashuka Ukonga Mombasa ameniombea dua ya ndoa. Sikumwambia. Siku hizi nikiwa kwenye gari, kabla sijasema neno lolote nainyanyua ile nyaya na kuigusa maiki kwa vidole, watu waone kwamba naongea na simu. Hata kama haisaidii kitu.

Simu mbili nazo ni kasheshe. Nina hii kubwa ya WhatsApp na kiswaswadu cha laini ya miamala, na kidude kinashika zote kwa pamoja, ikilia yoyote napokea, raha kweli. Mpaka ufike nyumbani. Mwanangu akichukua ile kubwa kuangalia katuni, mi niko jikoni na kidude shingoni naongea kwa ile ndogo, maongezi yakiisha tu yule paka wa katuni ananipigia kelele sikioni. Au kinyume chake, nimevua nimekitundika msumarini chumbani, nimesahau kuzima, simu inalia sebuleni napokea, "Haloo? Haloo? Mbona huongei?" Na mtu anaongea vizuri tu, anauongelesha msumari. Nimeshawakatia watu simu kwa hasira kwa sababu hiyo. Samahanini.

Na kingine, mwili wako wenyewe unazuia mawimbi yake, kwa sababu tuna maji mengi mwilini na hayo mawimbi yanamezwa na maji. Pochi ikizungukia mgongoni, niko kwenye msongamano, sauti inaanza kukatikakatika. Nairudisha mbele inatulia.

Kuhusu chaji, boksi limeandika masaa arobaini. Ya kwangu kwa maongezi ya kutwa inakaa siku mbili, ya tatu asubuhi inaanza kunilalamikia kila baada ya muda kwa Kichina, lugha sijui inabadilishwaje. Ya kwanza haikufa kwa betri, ilikufa kwa jasho. Mwezi wa pili Dar jasho la shingoni linashuka kama bomba, na chumvi yake ikaingia kwenye tundu la chaji, yale meno ya ndani yakageuka kijani. Hii ya sasa naifuta kwa kitambaa kikavu kila usiku, na siikunji kwenye mkoba, maana nyaya zinakatika pale pale zinapoingilia kwenye mkanda, nimeshawaona wenzangu watatu wamekatikia hapo hapo, sikio moja kimya.

Mwaka jana nikamnunulia Mama moja. Nikaenda nayo Tanga, nikamuunganishia, nikamfundisha, bonyeza hapa kupokea, hapa kukata. Kakaa nayo siku mbili. Nilivyorudi Dar nikampigia jioni nikasikia sauti yake safi, ya karibu, kama yuko chumba cha pili, hadi mwiko unavyogonga sufuria. Nikafurahi, nikamwambia, Mama unaona sasa, kile kidude kinafanya kazi.

"Kidude gani? Kile kinanikaba, nimempa mjukuu. Simu iko kwenye ushungi hapa."

"Aaah. Lakini nakusikia vizuri kweli."

"Na mi nakusikia," akasema. "Ila we mbona uko kisimani?"